Tarehe Moja Januari

Vijana ninaofanya nao kazi hapa Juba Na Bari wana swali moja ambalo haliishi: "Mwalimu, mimi naweza kuchezea nchi gani?" Mmoja amezaliwa Kakuma, mwingine Adjumani, mwingine Khartoum, mwingine hapa hapa Juba lakini mama yake ni Mkongomani. Wananiita mwalimu ingawa mimi si mwalimu, ni mtu wa vijana tu, niliyemaliza fomu foo Kakuma na kurudi nyumbani. Jibu la haraka ninalo: unachezea nchi ambayo wewe ni raia wake. Hilo jibu haliwatoshi, na ukweli ni kwamba hata mimi halinitoshi. Kwa hivyo hapa nawajibu kwa historia.

Historia yenyewe ni ya mwezi mmoja, Oktoba 2022. Mwezi huo kulichezwa mechi za kufuzu za vijana chini ya miaka 17 katika mabara mawili, na sisi tulikuwa na jambo letu kotekote.

Huku kwetu zilichezwa Addis Ababa. Ukanda wa CECAFA ulikuwa na nafasi mbili tu za kwenda Kombe la Afrika la chini ya miaka 17, ambalo lingefanyika Algeria mwaka 2023 na timu 12. Wakubwa wa ukanda mnawajua: Uganda, Tanzania, Ethiopia mwenyewe akiwa mwenyeji. Waliochukua nafasi ni Somalia na Sudan Kusini. Fikirini hiyo fainali. Nchi mbili ambazo dunia ikizitaja inataja vita na wakimbizi, zimewaacha wenye ligi na viwanja nyuma. Somalia ilishinda, lakini tiketi zote mbili zilikuwa tayari mfukoni. Shirikisho letu la mpira liliingia FIFA Mei 2012, na timu yetu ya wakubwa ilisubiri hadi Septemba 2015 kushinda mechi yake ya kwanza ya mashindano, 1-0 dhidi ya Equatorial Guinea hapa Juba. Sasa watoto, miaka saba baadaye, wanaenda Algeria. Nakumbuka boda wa hapa mtaani walivyokuwa wakilizungumza, hata wale ambao hawajawahi kulipa kiingilio uwanjani.

Mechi nyingine, za Asia, zilichezwa Shepparton, Australia. Najua mtasema: Asia na Australia wapi na wapi? Zamani Australia ilikuwa inacheza na visiwa vya Oceania. Mechi zilikuwa hazina maana. Aprili 2001 waliwafunga American Samoa 31-0. Halafu ukishamaliza kuwapiga watu wa visiwani, Oceania haikuwa na nafasi yake ya moja kwa moja Kombe la Dunia, unaenda kucheza mchujo na timu ya bara lingine na unarudi nyumbani unalia. Basi wakahama. Australia iliandikishwa kuwa mwanachama wa shirikisho la Asia tarehe 1 Januari 2006. Shikeni hiyo tarehe, tutairudia.

Asia ni kubwa, kwa hivyo mchujo wao wa vijana una taratibu yake. Mwaka huo timu ziligawanywa vikundi kumi, kila kikundi kikikusanyika mahali pamoja kwa siku chache tu, kama ligi ndogo. Mshindi wa kikundi anapita, na wa pili sita walio bora wanapita pia, wote wanaenda kwenye mashindano ya timu 16. Ukilinganisha na nafasi mbili za ukanda wetu, unaona mlango wa nani ni mwembamba. Kikundi cha Australia, chenye China, Kambodia na Northern Mariana, kilichezewa Shepparton, na Australia ikapita.

Shepparton ni mji wa wakulima wa matunda kaskazini mwa Melbourne. Uwanja uliotumika, John McEwen Reserve, ndio nyumbani kwa klabu ya Goulburn Valley Suns. Na kwenye klabu hiyo ndipo walipopitia Alou Kuol na mdogo wake Garang. Alou alizaliwa Khartoum, Garang akazaliwa Misri familia ikiwa safarini, wazazi wao ni watu wa huku kwetu. Alou ndiye aliyefunga lile bao la kisigino cha nge dhidi ya Iraq, Juni 2022, kwenye Kombe la Asia la chini ya miaka 23 kule Uzbekistan. Garang, akiwa na miaka 18, aliingia dhidi ya Argentina kwenye Kombe la Dunia Qatar, Desemba hiyo hiyo, na dakika za mwisho kipa Martínez akamzuia asisawazishe. Hapa Juba watu waliruka kwenye viti kana kwamba ni Sudan Kusini inacheza. Mzee mmoja karibu nami akauliza, "Sasa huyu ni wetu au si wetu?" Hakuna aliyemjibu.

Na hao Kuol si wa kwanza. Awer Mabil alizaliwa kambini Kakuma mwaka 1995, akapelekwa Adelaide mwaka 2006, mwaka ule ule Australia iliingia Asia. Thomas Deng alizaliwa Nairobi, naye akakulia Adelaide, wakawa marafiki. Tarehe 15 Oktoba 2018 wote wawili walichezea Australia kwa mara ya kwanza, mechi moja, kule Kuwait, na Mabil akafunga. Deng baadaye akawa nahodha wa timu ya Olimpiki ya Tokyo iliyoichapa Argentina 2-0. Timu hiyo ilikuwa imefuzu kwa kushika nafasi ya tatu kwenye mashindano ya vijana ya Asia, Thailand, Januari 2020. Tena kuna Nestory Irankunda, aliyezaliwa Kigoma mwaka 2006, wazazi wake wakimbizi wa Burundi. Juni 2023 alikuwa Thailand na timu ya Australia ya chini ya miaka 17; Japani ikawatoa robo fainali. Miaka miwili hivi kabla yake, wenzake waliozaliwa mkoa ule ule, kwenye zile zile kambi, walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi bila nchi yoyote inayowatafuta.

Sipendi watu wanaposema hawa wamefaulu kwa sababu ya kipaji. Kipaji kiko hapa uwanjani kila jioni, njooni mtazame. Walichopata ni uraia. Australia ilipowapokea iliwapa njia ya kuwa raia, na FIFA haikuruhusu uvae jezi ya taifa bila uraia wa taifa hilo. Kijana anayekaa Kakuma miaka kumi na tano hawezi kuchezea Kenya. Kijana wa Sudan anayekaa kambi ya Gorom, hapo nje ya Juba, hawezi kuchezea Sudan Kusini kwa sababu tu anaishi hapa. Kwa sisi tuliorudi ni afadhali, sheria yetu ya uraia ya 2011 inatazama mzazi, babu na bibi, lakini hiyo nayo inahitaji uende ofisini na ushahidi. Karatasi, tena karatasi.

Hapo ndipo tunafika kwenye tarehe.

Mashindano yote mawili, ya Afrika na ya Asia ya mwaka 2023, yalikuwa na sharti moja la umri: mchezaji awe amezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2006. Sasa yeyote aliyewahi kupanga foleni ya kuandikishwa kambini anajua 1 Januari ni nini. Karani anauliza mama, "Mtoto alizaliwa lini?" Mama anasema alizaliwa mwaka ule mto ulipojaa, au baada ya mkataba wa amani, au walipokuwa njiani na walikuwa wamelala chini ya mti fulani. Kompyuta haina nafasi ya mti. Inataka siku, mwezi na mwaka. Karani anakadiria mwaka, halafu anaandika 01/01. Haina ubaya, watu ni wengi na jua ni kali. Lakini ndiyo maana kambini ukiita waliozaliwa tarehe moja Januari wasimame, anasimama nusu ya darasa. Hata Australia yenyewe, kwa upande wa Asia, ni mtoto wa tarehe moja Januari. Nikiwaambia vijana hivyo wanacheka sana.

Mchezo unaisha kuchekesha ukianza kuhesabu. Mtoto aliyezaliwa Novemba 2006 kisha akaandikwa 01/01/2006 amepoteza miezi kumi, lakini bado yumo. Mtoto huyo huyo karani akikosea mwaka mmoja tu, akaandika 2005, ametoka kabisa. Na yule aliyezaliwa 2004, akaandikwa 2006 kwa sababu alikuwa mwembamba siku ile, naye anaingia mahali ambapo si pake, na labda hata yeye mwenyewe hajui.

Turudi kwa timu yetu ya Addis. Walifuzu, wakajiandaa, na siku chache kabla ya mashindano kuanza mwishoni mwa Aprili 2023 CAF ikawaondoa. Baadhi ya wachezaji walikuwa hawakupita kipimo cha MRI cha umri. Kundi C, ambalo lingekuwa na timu nne, likachezwa na tatu: Mali, Burkina Faso na Kameruni. Sudan Kusini haikugusa mpira Algeria.

Hapa mtaani watu walisema maneno mengi, ati tumeonewa, ati wakubwa hawataki kutuona. Mimi nawaambia watazame hao Kameruni waliobaki kwenye kundi. Januari 2023 shirikisho lao, chini ya Samuel Eto'o, liliwapima wachezaji wao wenyewe kabla ya mechi za kufuzu, na 21 kati ya 30 wakatolewa. Ikawa aibu ya dunia nzima. Lakini walitafuta wengine, wakafuzu, wakacheza. Kipimo ni kile kile kwa wote, tofauti ni nani anakipima mapema.

Kipimo chenyewe kinafanya kazi hivi. Karibu na mwisho wa mfupa wa mkono, pale kwenye kifundo, kuna sehemu laini ambayo ndiyo inarefusha mfupa unapokua. Ukikomaa inafunga, inakuwa mfupa mtupu. Mashine ya MRI inapiga picha ya ndani bila ile mionzi ya eksirei, na madaktari wanaipanga picha kwa hatua sita. Hatua ya sita ni kufunga kabisa. Utafiti ulioipa FIFA njia hii ulitolewa mwaka 2007, ukipima wavulana 496 wa Uswisi, Malaysia, Algeria na Argentina, na ukaonyesha kuwa mtoto wa miaka 16 mwenye mfupa uliofunga kabisa ni nadra sana, chini ya mmoja kwa mia. FIFA ikaanza kukitumia Kombe la Dunia la vijana la Nigeria, 2009. Nimewaeleza vijana hili mara nyingi kwa sababu kuna waliokuwa wanaamini mashine inasoma mwaka wa kuzaliwa kama inavyosoma laini ya simu. Haisomi. Inasema tu mfupa umefunga au haujafunga.

Sasa sikieni jambo linaloniudhi. Mashine hiyo inaweza kukutoa, haiwezi kukuingiza. Karatasi ikisema una miaka 16 na mfupa umefunga, unatolewa. Karatasi ikisema una miaka 18, hata mfupa uwe mlaini kama wa mtoto wa darasa la sita, hakuna atakayekupeleka kwenye mashine, kwa sababu pasipoti imeshakukataa mlangoni. Mtoto aliyeongezewa miaka na karani hana kipimo cha kumtetea. Wanaozungumzia udanganyifu wa umri Afrika wanawazungumzia wale wanaopunguza, na wapo kweli, na mara nyingi ni watu wazima wanaowapangia. Hawa wengine hawatajwi popote.

Kwa ndugu wa mashirika mnaosoma hapa: tarehe mnayoiandika siku ya kuandikisha inakuja kuwa pasipoti. Mama akisema mwezi, hata kwa kubahatisha, andikeni mwezi. Kadi ya chanjo ikiwepo, au ya ubatizo, iangaliwe kwanza. Kurekebisha baadaye kunawezekana lakini nimesindikiza familia kwenye ofisi fulani mara nne kwa jina moja tu, na nauli ya kwenda na kurudi si ya shirika.

Haraka ipo sasa kuliko 2022. Tangu 2025 Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 linachezwa kila mwaka, Qatar, na timu 48, ambazo kumi kati yake ni za Afrika. Kombe la Afrika nalo limekuwa la timu 16. Kila mwaka kuna mchujo, na kila mwaka kundi la watoto linapitwa na tarehe.

Nina daftari. Kila kijana anayeanza mazoezi kwetu namwandika jina, halafu natembea hadi kwao nikaongee na mama au shangazi. Wiki iliyopita mama mmoja, nyuma ya msikiti, alinieleza vizuri bila kusita: mwanawe alizaliwa mvua za kwanza zilipoanza, watu walikuwa ndiyo wanapanda. Kwa huku kwetu hiyo ni Aprili, labda Mei. Kwenye karatasi yake imeandikwa 01/01/2009. Kwa mashindano ya 2026 hiyo ndiyo siku ya mwisho inayokubaliwa. Karani angeandika siku moja nyuma, angekuwa nje.