Mjane, Mila na Kalamu ya Serikali

Desturi za msiba tumezizoea kama mambo ya machozi. Mimi nazisoma pia kama kumbukumbu za mali.

Malkia Victoria wa Uingereza alifiwa na mumewe Albert mwezi Desemba 1861, akavaa nguo nyeusi hadi alipokufa mwaka 1901. Wajane wa tabaka lake walitarajiwa kuvaa weusi kwa takribani miaka miwili, na jamii iliwahesabia siku. Pwani kwetu, kizuka hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Huku Usukumani, msiba una matanga yake na watani wake: mtani huigiza mwendo wa marehemu, huwatania wafiwa, hudai ujira kabla kaburi halijafukiwa. Kicheko hicho kina kazi. Humrudisha mjane miongoni mwa walio hai.

Lakini matanga yakishaanuliwa, utani hukoma na hesabu ya ng'ombe huanza. Nasi husema: ndiyo mila ya mababu.

Ni mababu gani? Mwaka 1953 Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma. Baadaye alishiriki kazi ya kuunganisha mila za makabila mbalimbali, na mwaka 1963 serikali huru ikazitangaza kuwa sheria. Tangazo Na. 436 linasema mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; atatunzwa na watoto wake. Kilichokuwa mazungumzo ya wazee, yenye kupinda kulingana na shauri, kikawa kanuni yenye namba.

Wajane wawili walioondolewa majumbani mwao na wakwe walilipeleka tangazo hilo Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kuwa kanuni zinabagua, ila ikasita kuzifuta, ikihofia mafuriko ya mashauri juu ya mila za kila kabila. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa kasoro ya nyaraka. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kuwa Tanzania imekiuka haki zao.

Madhara yake hayaishii mahakamani. Shinyanga na Geita zimezika vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, ushahidi ukiwa macho mekundu, ilhali moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe, mahali pasipo kuni, unatosha kuyafanya mekundu. Mara kadhaa nyuma ya tuhuma kulikuwa na shamba. Mjane asiye na haki juu ya ardhi anayoilima ni rahisi kumwita mchawi.

Ndugu msomaji uliye ofisini, hapa Kambarage au Dodoma: usimjibu mjane kwamba mila haibadiliki. Hii iliandikwa kwa kalamu ya serikali, na kalamu hiyo ingali mkononi mwa serikali.