Tabora ilikuwa na magitaa, piano je?

Mdau mmoja kaniuliza: mbona huku kwetu hakuna hata mpiga piano mmoja wa zamani aliyekaa peke yake akatoa albamu ya nyimbo za pole pole, kama wale jamaa wa bluzi wa Marekani? Swali zuri. Ngoja nilipeleke Tabora.

Mpagazi wa Kinyamwezi, enzi za misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji, alibeba kama kilo 30 begani. Piano ya kuegemezwa ukutani inapita kilo 200, na huwezi kuigawa mizigo saba ukaiunga upya ukifika Kazeh! Sawa, reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, hoja ya uzito ikafa. Lakini gitaa ndilo lililoshinda. Ni rahisi, na kamba ikilegea unaikaza mwenyewe. Piano inamtaka fundi.

Na matunda tunayajua. Tabora ilitoa Kiko Kids ya Salum Zahoro, ikatoa Tabora Jazz na Segere Matata yao. Watu wa Jimbo la Magharibi waliohamia Dar wakawa na Western Jazz ya Iddi Nhende, 1959, mtindo Saboso. Shem Karenga alitoka Lake Tanganyika Jazz ya Kigoma akaja Tabora Jazz, yaani njia ile ile ya msafara, safari hii kwa treni.

Sasa hapa ndipo penye utamu, au uchungu. Vyombo vilikuwa mali ya bendi au ya tajiri wake. Ukihama, gitaa unaliacha. Kwa hali hiyo ungetoa wapi ubavu wa kurekodi peke yako? Halafu santuri zenyewe, nyingi zikichapishwa Nairobi, zilikuwa ndogo: wimbo mmoja unakatwa vipande viwili, upande wa kwanza na wa pili. Hakuna nafasi ya albamu hapo. Redioni RTD ilitangaza jina la bendi, na mtunzi akamezwa humo humo. Wangapi wanaoimba "Dada Asha" mpaka leo wanalijua jina la Karenga? Alifariki 2014.

Mimi naona nyimbo za pole pole tulikuwa nazo tele, ila zimejificha. Sikiliza rumba ya miaka ile: mwanzo mtu anasimulia taratibu, anabembeleza, analalamika, kisha magitaa yanachemka na watu wanainuka kucheza. Huo mwanzo ndio bluzi yetu. Tatizo tunausubiri uishe!

Kanda za RTD ziko TBC. Kijana yeyote mwenye kinanda, na siku hizi kuna vya umeme vinavyobebeka kwapani, achukue nusu za kwanza tu, azipige bila ngoma wala sauti. Na kwenye jalada aandike majina ya watunzi, siyo ya bendi peke yake.