Ngitili

Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma wa Mkoa wa Shinyanga na maeneo jirani nchini Tanzania hulifunga msimu wa mvua ili nyasi na miti ikue, kisha hulifungulia mifugo wakati wa kiangazi. Zipo ngitili za kaya na za kijiji.

Historia

Katika karne ya 20 misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Katika miaka ya 1970 uanzishaji wa vijiji vya ujamaa ulihamisha familia mbali na ngitili zao, na nyingi zikatoweka.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliofufua desturi hiyo: eneo likifungwa, visiki na mizizi huchipua tena. Ngitili zilizokadiriwa kuwa hekta 600 mwaka huo zilizidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wendelin Mlenge, aliyeongoza HASHI, ameandika kuhusu mfumo huo.

Usimamizi

Kanuni hupitishwa na dagashida, mkutano wa jadi, na sungusungu husimamia ulinzi. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati hutozwa faini.

Faida

Mbali na malisho, ngitili huwapatia wenyeji kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, dawa za asili, matunda na asali.