Mtoto Mtumwa na Kiu ya Elimu katika Nyanda za Juu Kusini, 1890–1922

Makala haya yanajadili swali moja: mtoto mtumwa wa Nyanda za Juu Kusini alitafuta nini alipoisogelea shule? Hoja kuu ni kwamba, kabla ya maarifa, alitafuta watu watakaomhesabu kuwa wao.

Mwishoni mwa karne ya 19, vita vya Wasangu, Wahehe na Wabemba, pamoja na misafara ya pembe za ndovu, viliwatenga watoto wengi na jamaa zao. Kutekwa hakukuwa kufanyishwa kazi tu. Mateka hakuwa na mjomba wa kumdai, wala ukoo wa kumlipia au kumpokelea mahari.

Katika mazingira hayo Wamoravian walifungua vituo Rungwe mwaka 1891 na Utengule, magharibi mwa Iyunga ya leo, mwaka 1895. Sheria ilichelewa. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1904 iliwapa uhuru watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 tu; utumwa wenyewe ulifutwa na Waingereza mwaka 1922. Kwa hiyo, kwa wengi kimbilio lilitangulia sheria.

Ushahidi mkuu ni simulizi zilizokusanywa na mmisionari Elise Kootz-Kretschmer, ambazo Marcia Wright alizichambua upya mwaka 1993. Msatulwa Mwachitete, aliyetekwa utotoni, alikuja kuwa mwalimu, na maisha yake yalichapishwa London mwaka 1932. Kwake, kusoma kulimpa kazi, jina na nafasi ya kusema mbele ya watu. Simulizi za wanawake, Narwimba na Chisi, zina mkondo mwingine: zinapima usalama kwa waume, watoto na walinzi. Tofauti hii yaonyesha kwamba njia ya shule haikuwa pana sawa kwa wote.

Ni kweli kwamba simulizi hizi zilipitia kalamu ya misheni, iliyopenda kuonyesha safari ya kutoka gizani kwenda nuruni. Hata hivyo, wasimulizi wanarudia mno habari za mama, ndugu na nyumbani, mambo ambayo mpango huo haukuyahitaji. Hapo ndipo sauti yao inaposikika.

Basi, historia ya elimu ya Mbeya isianzie kwenye majengo na wamisionari. Ianzie kwa mtoto aliyepoteza ukoo, akaiona shule kuwa mlango wa kurudi miongoni mwa watu.