Mjibu Mtoto: Somo Lililotoka Kyeni, Embu

Siku hizi ukiingia nyumba za vijana wenzangu, iwe ni Makutano pale Meru mjini au Majimbo pale Embu, utapata chati mbili zimebandikwa ukutani. Moja ni ya A mpaka Z, nyingine ni ya 1 mpaka 100. Chini ya chati kuna mtoi wa mwaka mmoja na nusu ameshika simu ya mamake, katuni inamwimbia namba kwa Kiingereza cha Marekani. Mzazi anajivunia: huyu anahesabu mpaka kumi, na hata bado hajaanza shule!

Sina shida na chati. Shida yangu ni ile imani iliyojificha nyuma yake, kwamba nyumba zetu za zamani hazikumfunza mtoto mdogo chochote, na kwamba masomo ya mtoto yameletwa na simu na shule za kulipia. Historia ya huku kwetu inasema tofauti, na sehemu yake ilipimwa na watafiti, namba kwa namba, hapa hapa Embu. Twende polepole.

Tuanze na kuhesabu kwenyewe. Hii ni Kimeru cha Imenti: imwe, ijiri, ithatu, inya, ithano, ithanthatu, mugwanja, inana, kenda, ikumi. Sasa rudia tatu na sita kwa sauti. Ithatu, ithanthatu. Umesikia? Sita ni tatu iliyorudiwa, tatu na tatu. Nane nayo, wataalamu wa lugha za Kibantu wanasema, ilitokana na nne iliyorudiwa. Kwa hivyo mtoto anayejifunza namba kwa Kimeru anatamka hesabu ya kujumlisha kabla hajajua kwamba kuna kitu kinaitwa kujumlisha. Chati ya ukutani haimpi hiyo.

Na usidhani haya ni mambo ya mlimani peke yake. Kiswahili chetu kilichukua sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, lakini watu wa pwani wa zamani walisema tandatu, fungate na kenda. Fungate tunalijua mpaka leo kwa sababu ya wanandoa, zile siku saba za kukaa ndani. Kenda bado iko kwenye kamusi. Tandatu na ithanthatu ni ndugu wa damu. Cucu wa Nkubu na bibi wa Lamu walikuwa wanahesabu kwa ukoo mmoja wa maneno, ila sisi wajukuu ndio hatujui.

Hayo maneno hayakufunzwa kwa kukaa darasani. Yalikuwa ndani ya kazi. Mtoto anakaa kwa mkeka mama akichagua maharagwe au njahi, na mikono yake midogo inataka kuchagua pia. Wavulana wanachimba mashimo kwa mchanga wacheze bao kwa kokoto, na huwezi kucheza bao bila kuhesabu mbele. Ukienda Igembe, biashara ya miraa yenyewe imejengwa kwa kumi: surba kumi ni kitundu, kile watu wanaita kilo hata kama mizani haikubali, na vitundu kumi ni bunda. Tusielewane vibaya, sisemi mtoto aguswe na miraa. Nasema mtoto anayekulia nyumba kama hiyo anaona kumi, na kumi za kumi, kila siku ya maisha yake, kabla mwalimu hajamchorea ubaoni.

Kulikuwa hata na sheria za nini kihesabiwe na nini kiachwe. Kwa jirani zetu Wagikuyu, wazee hawakupenda kuhesabu watu wala mifugo kwa kuwaonyesha kidole, na badala ya kusema kumi, wangesema "kenda muiyuru," yaani tisa iliyojaa. Claudia Zaslavsky, Mmarekani aliyeandika kitabu kuhusu hisabati ya Afrika mwaka 1973, alionyesha kwamba miiko ya aina hii ilikuwa katika jamii nyingi za bara hili. Unaweza kuicheka. Mimi naona jamii iliyojali hesabu mpaka ikaiwekea adabu.

Sasa tufike Kyeni, upande wa Runyenjes. Mwaka 1984 timu ya watafiti ilianza kazi kubwa huko ambayo iliendelea mpaka 1986. Kwenye timu hiyo walikuwa Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, daktari wa watoto. Swali lao kuu lilikuwa chakula: mtoto asiyekufa njaa lakini hali vizuri, anakuaje? Mwaka huo huo ukame mkali ukapiga Kenya, kwa hivyo njaa yenyewe waliiona kwa macho.

Lakini kulikuwa na swali lingine, na hili ndilo linanihusu leo. Marian Sigman, mwanasaikolojia wa chuo hicho cha Los Angeles, pamoja na wenzake, walitaka kujua mtoto wa Embu anaishi vipi nyumbani, na kama maisha hayo yanabadilisha akili yake. Wakafuatilia watoto zaidi ya mia moja kuanzia miezi 15 mpaka miezi 30. Hawakuwaita ofisini. Walienda bomani, wakakaa, wakaandika wanachokiona: nani amembeba mtoto, nani anamsemesha, mtoto akitoa sauti nani anajibu, wanacheza kwa muda gani.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1988 kwenye jarida la Child Development. Watoto waliosemeshwa mara nyingi, ambao sauti zao zilijibiwa, na waliokaa kwa muda mrefu wakishirikiana na mtu, walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili kufikia umri wa miaka miwili na nusu.

Soma tena polepole. Hakuna mahali wamesema Kiingereza. Hakuna mahali wamesema chati, wala mdoli unaoimba. Hizi zilikuwa boma za wakulima. Kilichotofautisha mtoto na mtoto kilikuwa mtu mwenye mdomo na muda. Mtoto anasema "ba," mtu anamjibu. Anaonyesha kuku, mtu anamwambia huyo ni nani na anaenda wapi.

Na siwezi kukupaka mafuta nikuambie kila boma la zamani lilikuwa chuo kikuu. Utafiti wenyewe ulionyesha tofauti kubwa kati ya nyumba na nyumba. Kuna watoto waliokuwa wanasemeshwa kutwa, na kuna waliokuwa wanakaa kimya. Mama wa Kyeni alikuwa na shamba, kuni, maji na jiko. Mtoto akianza kutembea, mara nyingi anayebaki naye ni dada au kaka. Kwa hivyo nikisema turudie mambo ya zamani, siongei kuhusu zamani yote. Naongea kuhusu kile kitu kimoja kilichofanya kazi.

Chakula nacho hakikuwa kando. Kati ya 1998 na 2000 watafiti walirudi Kyeni, wakaingia shule 12 za msingi. Wanafunzi wa shule kadhaa waliongezewa nyama kwa githeri, wengine maziwa, wengine mafuta, na wengine hawakupewa chochote. Waliokula nyama ndio walipanda zaidi kwenye kipimo cha kufikiri. Ukiweka kazi hizi mbili pamoja, unapata elimu ya mtoto ya bei nafuu kabisa: mpe yai au omena, na umsemeshe akila.

Sasa swali. Kama tulikuwa na hii kitu, mbona tukaanza kuionea aibu?

Jibu langu ni shule, ingawa si shule zote na si mwanzoni. Wamishonari wa Methodisti walifika Kaaga, Meru, mwaka 1912. Waskoti wakafungua Chogoria mwaka 1922. Wakati huo, tume ya Phelps-Stokes iliyopita Kenya mwaka 1924 ilipendekeza watoto waanze masomo kwa lugha zao. Nia yao kwetu haikuwa safi yote, lakini hapo walikuwa sawa. Mambo yalibadilika baadaye. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika, kwenye kitabu chake cha 1986, jinsi baada ya Hali ya Hatari ya 1952 wanafunzi waliokamatwa wakiongea lugha ya nyumbani walichapwa au kuvishwa kibao cha aibu shingoni. Mwaka 1957 Nairobi ikaanza majaribio ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mwaka 1964, uhuru ukiwa bado mbichi, Tume ya Ominde ikabariki mpango huo kwa nchi nzima.

Fikiria ujumbe ambao mama wa Runyenjes au Maua alipata hapo. Lugha unayomsemesha mwanao haina kazi shuleni. Namba zako hazina kazi. Nyamaza, mwalimu atakuja kumfunza. Na ukishaamini hivyo, unaanza kumsemesha mtoto kwa Kiingereza ambacho hata wewe hukimudu, kwa hivyo unamsemesha maneno machache: come, eat, sit. Maneno yakipungua, majibu yanapungua. Hapo ndipo mtoto anapopoteza, na hakuna mtu anayeona.

Serikali ilijirudi, angalau kwenye karatasi. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilisema madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo. Vikaja vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu kwa lugha nyingi za Kenya. Mwaka 1984, mwaka ule ule wa Kyeni, taasisi ya mitaala ikapata kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za watu wa Kenya. Mtaala wa umilisi nao unaruhusu lugha ya eneo mpaka gredi ya tatu. Lakini mzazi anajua ukweli wa mtaani: mtoto wa miaka mitatu akipelekwa shule ya kulipia anafanyiwa intavyuu, na intavyuu si ya Kiembu.

Kuna kitu kingine kimebadilika ambacho hatukizungumzii. Yule dada mkubwa aliyekuwa anabaki na mtoto sasa yuko shuleni, na elimu ya msingi ya bure ya 2003 ni jambo jema ambalo siwezi kulirudisha nyuma. Cucu yuko Kionyo au Kibugu, sisi tuko Kasarani au Roysambu. Mama yuko kazini. Amebaki dada wa kazi na simu. Kwa hivyo simwiti mzazi mvivu. Namwambia tu kwamba simu inaongea vizuri sana lakini haijibu. Mtoto akisema "ba," katuni inaendelea na wimbo wake. Na Kyeni ilituonyesha kwamba nguvu iko kwa lile jibu.

Kwa hivyo ukiwa na mtoto, au mdogo wako, au wa jirani, ongea naye kwa lugha unayoimudu mpaka kwenye utani. Kama ni Kimeru, Kimeru. Kama ni Kiembu, Kiembu. Kama wewe ni wa Nairobi na lugha yako ni Kiswahili, hakuna ubaya. Panda ngazi za ploti mkihesabu. Mpe dada wa kazi ruhusa ya kupiga stori na mtoto, kwa sababu wengi wanadhani wakiongea sana wataonekana hawafanyi kazi. Kiingereza kitakuja, shule za Kenya hazijawahi kukosa cha kutosha.

Na ukienda ushago Desemba, mwachie cucu mtoto asubuhi moja nzima bila simu. Usiwatafsirie. Watapatana tu.