Sewahaji: Kabla ya Kuwa Wodi, Alikuwa Mtu

Ndugu wanachama, nani kati yetu hapa Temeke hajawahi kuambiwa, "Mgonjwa wako yuko Muhimbili, Sewahaji"? Wengi tunajua wodi; mwenye jina hatumjui.

Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo, Mwismailia ambaye ukoo wake ulitoka Kutch, India. Alitajirika kwa biashara ya pembe za ndovu na kwa kuipatia misafara ya bara bidhaa na wapagazi. Utajiri huo ulibebwa mabegani mwa watu, tusilisahau hilo. Lakini aliurudisha. Bagamoyo alitoa jengo la shule kwa serikali ya Wajerumani, kwa sharti kwamba ipokee watoto wa rangi zote. Dar es Salaam alitoa fedha za hospitali ya Waafrika na Wahindi. Alifariki mwaka 1897. Hospitali iliyobeba jina lake ndiyo mzizi wa Muhimbili ya leo.

Mimi ni mhasibu, na kinachonigusa ni lile sharti: alitoa, akasema fedha ifanye nini. Nasi tudai vivyo hivyo. Kila mchango wa zahanati yetu uwe na risiti, na mapato na matumizi yasomwe mkutanoni. Kisha tutoe bila kusitasita. Yeye hakulazwa Sewahaji, tunalazwa sisi.