Utukufu wa Mungu Unaonekana Wapi?

Kwa Kiebrania utukufu ni kavod, neno lenye maana ya uzito. Musa alipoomba kuuona, Mungu aliahidi kupitisha wema wake mbele yake (Kutoka 33:18-19). Sisi wa Goma tumeona wingu jekundu juu ya Nyiragongo usiku. Mwaka 2002 na 2021 moto wake uliteketeza nyumba za ndugu zetu. Uumbaji hutangaza ukuu wa Mungu (Zaburi 19:1), lakini mlima hauwezi kutuambia kwamba Mungu anatupenda. Hilo tunalijua kwa Yesu, aliyeiita saa ya kifo chake saa ya kutukuzwa (Yohana 12:23-24). Basi, tunapompokea mkimbizi nyumbani, watu humtukuza Baba yetu (Mathayo 5:16).